Bamba Hili ni la Nani?

Mtaro umechimbwa kukata barabara, jioni imeingia, bomba bado halijaunganishwa. Kijiko kinainua bamba la chuma, kinalidondosha juu ya shimo, kijana mmoja anasimamisha koni mbili, ya pili imepasuka katikati, na gari la mafundi linaondoka. Hiyo wanaiita kazi ya muda. Kuanzia saa hiyo mpaka watakapojisikia kurudi, uhai wa kila anayepita hapo uko juu ya kipande cha chuma ambacho hakuna mtu aliyekifunga kwa chochote.

Ukimuuliza msimamizi, jibu analo mdomoni: "Chuma chote hicho, kitaenda wapi?" Angelisema muuza mahindi ya kuchoma aliye pembeni ningemwelewa. Mtu mwenye muhuri wa uhandisi akilisema, ningependa kuuona huo muhuri umepatikanaje.

Kitaenda wapi? Tupige hesabu. Bamba la mita 1.2 kwa mita 2.4, unene milimita 25, lina kilo kama 565. Ni mzigo, hakuna ubishi. Lakini lori la mchanga lenye tani 30 linapofunga breki juu yake, hizo kilo 565 ni kitu gani? Kinacholizuia bamba lisisogee ni msuguano tu kati yake na lami, na hapo katikati pana udongo wa mtaro, kokoto zilizomwagika na maji. Lori la kwanza linalisogeza kidogo, jicho halioni. La pili linaongezea. Usiku mzima wa malori ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, na asubuhi bamba lililokuwa limekalia lami vizuri pande zote mbili linaning'inia upande mmoja kwa ukingo mwembamba.

Tena hilo ni bamba lililolazwa mahali tambarare, jambo ambalo ni nadra. Mengi yanakaa kwa pembe tatu, ya nne iko hewani. Gurudumu likikanyaga pembe hii, ile inanyanyuka na kurudi chini kwa kishindo. Waliolala nyumba za jirani wanaujua mlio huo kuliko mhandisi yeyote, kwa sababu unawaamsha saa nane usiku, saa tisa, saa kumi. Mlio ule ndio ripoti ya ukaguzi, na inasomwa bure kwa mtaa mzima. Kila kishindo kinamega ukingo wa lami, mtaro unapanuka chini ya bamba bila mtu kuuona, na masika ikiingia maji yanamalizia kuuchota udongo uliobaki.

Mwenye gari atasikia mtikisiko, atatukana, ataendelea na safari. Mwenye bodaboda hana nafasi hiyo. Kwake ukingo wa milimita 25 uliosimama wima ni ngazi, na uso wa chuma uliolainishwa na matairi, ukapata mvua na tone la oili, hauna cha kushika tairi la mbele. Akiliona bamba dakika ya mwisho, abiria mgongoni, anafanya ambacho binadamu yeyote angefanya: anashika breki. Hapo hapo anakwenda chini, na nyuma yake kuna daladala. Kesho yake tutaambiwa chanzo ni mwendo kasi na uzembe wa dereva. Nani alipima ule ukingo? Nani aliuliza taa ya tahadhari ilikuwa wapi?

Na hakuna siri ya kitaalamu hapa. Kanuni za Jiji la New York zinataka bamba livuke kingo za mtaro kwa inchi 12, yaani sentimita 30 hivi kila upande, likae bila kutikisika, kingo zake zote zifunikwe kwa mteremko, lizuiwe lisihame, uso wake usiteleze, na dereva apate kibao cha onyo kabla hajalifikia. Vifaa vya kazi hiyo vyote viko Dar es Salaam. Toboa lami, pigilia pini za chuma kwenye pembe. Mabamba yanayopakana yachomelewe pamoja. Kingo zizibwe kwa lami baridi, ishindiliwe, ikaguliwe kila siku kwa sababu malori yataila. Ukitaka kufanya kiungwana, kwangua lami bamba lizame liwe sawa na barabara. Kuhusu utelezi, fundi wa Gerezani anaweza kulichomelea mistari ya chuma juu yake.

Hapo ndipo linapotolewa jibu la wezi. Kwamba bamba lifungwe au lisifungwe, watu wa vyuma chakavu watalichukua. Wizi upo, siukatai; Kenya ilifika mahali pa kusimamisha biashara nzima ya vyuma chakavu, Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani. Ila nisaidieni jambo moja. Kilo 565 hazibebwi begani. Zinataka kreni, zinataka lori, zinataka muda. Bamba la ukubwa uleule lenye unene wa milimita 8 lina kilo 181, nalo wanaume wanne wanaondoka nalo. Kwa hiyo mkandarasi anayelalamika kwamba bamba lake limebebwa na vijana wa mtaani anatuambia, bila kukusudia, aliweka chuma cha aina gani chini ya matairi yetu.

Fedha? Mikataba ya barabara huwa na kipengele cha usalama na uongozaji wa magari wakati wa ujenzi, mara nyingi kwa kiasi cha jumla. Hapo ndipo mchezo ulipo. Ukilipwa kiasi kilekile bamba likifungwa au likirushwa tu, utanunua pini za nini? Igeuzeni. Lipeni kwa bamba, kwa usiku, baada ya msimamizi kulikagua na kusaini. Likikutwa linacheza, usiku huo haulipwi, na faini juu.

Haya hayasubiri sheria mpya kutoka Dodoma. Wakala za barabara zipo: TANROADS wana barabara zao, TARURA wana zao, na anayetaka kukata lami anapita kwao kuomba kibali. Basi kibali kiandikwe hivi: kila bamba lichomelewe jina la mkandarasi kwa herufi za ukubwa wa kiganja, na pembeni kisimame kibao chenye namba ya kibali, tarehe bamba lilipowekwa, tarehe litakapoondoka, na simu ya mtu anayepokea saa nane usiku na mwenye kreni ya kuja nayo hapo. Mkazi aliyeamshwa na kishindo apige namba hiyo. Isipopokelewa, aliyetoa kibali ndiye aamshwe.

Na mkandarasi anayeona haya jina lake kusomwa na kila bodaboda anayepita, aache kuchimba.