Injini ya nani hii, mzee?

GURUDUMU LA PILI
Na Hamisi Mtengeti

Afande aliniamkia kwanza. "Shikamoo mzee." Nikaitikia marahaba, na moyoni nikajua nimepatikana. Trafiki anayeanza kwa kufoka mnaweza kufokeana mkamaliza. Huyu anayekuamkia ana muda, na ana macho. Binti wa rika la mwanangu wa tatu, akaomba leseni na kadi, akaisoma kadi taratibu kama anayesoma barua ya posa. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kufanyiwa tangu nianze kupanda pikipiki: akachuchumaa na sare yake nyeupe, akachomoa tambara langu chini ya siti, akafuta tope na oili kwenye ubavu wa injini, akasoma namba.

"Injini ya nani hii, mzee?"

Nilitaka kusema ni yangu. Nikanyamaza, maana jibu la kweli lilikuwa refu kuliko foleni iliyokuwa nyuma yangu.

Pikipiki yangu ni Honda XL 125, zile za mabwana shamba. Wa umri wangu mnazikumbuka zikipanda vilima na mwenye nazo kafunga faili kwenye keria kwa mpira wa tairi. Yangu ilikuwa ya mradi, ikapigwa mnada, nikaipata ikiwa na rangi nyekundu iliyopauka na kadi safi. Ilinibeba miaka miwili bila neno. Siku moja, njia ya Mgeta, pistoni ikala silinda katikati ya mlima, nikarudi Morogoro mjini nimekaa juu ya kabichi, pikipiki imelazwa pembeni yangu kama mgonjwa.

Fundi akanipa njia mbili. Ya kwanza, kusaka vipuri halisi vya XL na kusubiri. Ya pili, kutia injini ya Kichina ya cc 150, asubuhi kuingia na jioni kutoka. Msidharau injini hizo. Nyingi ni wajukuu wa Honda CG125 ya mwaka 1976, injini iliyobuniwa makusudi kwa ajili ya watu kama mimi, wanaobadilisha oili wakikumbuka. Haina mnyororo wa kuzungusha kamshafti kule juu unaolegea na kupiga kelele. Vali zake zinasukumwa na fito, na fito hazina makuu. Kwa hiyo Honda wangu alikuwa anaoa kwa binamu yake, aliyekulia Uchina tu.

Fundi akakata vishikio, akachomelea vingine, akanyoosha cheni ilingane na sproketi, akanitengenezea kiki mpya. Kazi nzuri, bado naisifu. Injini yenyewe ilikuwa na bei mbili, yenye risiti na isiyo na risiti. Mnajua niliyochagua.

Sasa afande amesimama, ameshika kadi mkono mmoja na tambara mkono wa pili. Kadi ya TRA ina namba ya fremu, namba ya injini, ujazo wa injini na rangi. Namba ya fremu ilikuwa sawasawa. Namba ya injini ilikuwa ya chuma ambacho wakati huo huenda kilikwishayeyushwa kuwa sufuria. Ujazo kwenye kadi 124, chini ya siti 150. Akanionyesha na jambo ambalo halikuwahi kunipitia akilini: leseni yangu ya pikipiki ni daraja A1, la pikipiki ndogo zisizozidi cc 125. Juu ya hapo linatakiwa daraja A. Yaani siku fundi alipokaza nati ya mwisho, niliacha kuwa dereva halali wa pikipiki yangu mwenyewe, na nilipiga honi kwa furaha nikitoka gereji.

"Na bima, mzee? Umekatia pikipiki ipi?"

Nilikuwa na bima ndogo, imelipwa, haijaisha. Imekatwa kwa pikipiki inayosomeka kwenye kadi. Ningemgonga mtu pale Msamvu, kampuni ingekuwa na kila sababu ya kuuliza swali lilelile la afande, tena kwa maandishi.

Hapa ndipo mkono wa dereva wa Kitanzania unapoanza kutembea kuelekea mfukoni. Nikiri kwamba wangu ulitembea. Tumezoea kusema trafiki wanapenda hela, na wapo wanaopenda, sitawatetea. Lakini niliposimama pale niliona hela ya chai inakaa wapi hasa: kati ya kadi na chombo. Kadi ikisema hili na pikipiki ikisema lile, pana uwazi, na ni mimi niliyeuacha. Afande akiwa mwadilifu anauandikia notisheni. Asipokuwa mwadilifu anaupangisha, na kodi unalipa kila unapopita, kituo hiki na kinachofuata, mwaka hadi mwaka, bila risiti. Ukipiga hesabu ya miezi sita utakuta ungeshanunua injini yenye risiti.

Huyu wangu alikuwa mwadilifu. Aliniandikia kosa moja tu, saitimira ya kushoto, ambayo ilivunjika sijui lini. Shilingi 10,000, kiwango kilichowekwa kwa pikipiki na bajaji na bajeti ya 2021 kutoka 30,000 ya zamani. Kuhusu injini akaniambia, "Nenda kwa mkaguzi wa magari, mzee wangu. Ukikamatwa nayo mahali pengine utaulizwa kama ni ya wizi." Hakunitisha. Pikipiki ikiibwa haiuzwi nzima. Inachinjwa, na cha kwanza kutolewa nyama ni injini. Asiye na risiti hana la kumjibu mwenye mali akijitokeza na kadi yake.

Wiki ile nilikaa kijiweni na vijana wa bodaboda kuwasimulia. Walinicheka, kisha wakaanza kuzikagua za kwao. Boxer moja ilikuwa na keria ya nondo iliyorefushwa hadi inazidi tairi kwa hatua nzima, ya kushushia mboga kutoka milimani. Nyingine imebadilishwa sproketi ya nyuma ikatiwa kubwa ili ipande mlima na gunia la viazi, na shokapu zimeongezewa springi. Kijana mmoja ametoboa sailensa yake, kwa madai kwamba watu wakimsikia mapema wanampisha. Nikamwambia hata wagonjwa wodini wanamsikia. Na robo tatu yao hawana saitimira hata moja, kwa sababu zinakwaruza magari wakipenya foleni.

Lipi kati ya hayo ni kosa? Nimeuliza trafiki wanne kwa nyakati tofauti, wa kirafiki kabisa, nikapata majibu manne. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na ilipotungwa pikipiki ya abiria haikuwa biashara ya kumwajiri kila kijana wa mtaa. Taa wanakubaliana: nyeupe au njano mbele, nyekundu nyuma, na hizo za bluu za kumwekamweka waachiwe wenye ving'ora. Saitimira wanakubaliana. Keria ndipo wanapoachana. Mmoja anasema ruksa, wa pili anasema inategemea mzigo, wa tatu ataandika "chombo kibovu", na neno hilo linaweza kumeza chochote kuanzia breki mpaka sura ya dereva.

Mimi nina msimamo wangu. Keria ya nondo iliyochomelewa vizuri inamsaidia mkulima wa Mgeta, na sioni sababu ya kumfukuza nayo barabarani. Iwekewe kipimo cha urefu na upana, basi. Sproketi kubwa ni akili ya mlimani. Saitimira iliyong'olewa na sailensa iliyotobolewa zisitafutiwe huruma na mtu. Breki za nyuma zilizofungwa kwa waya, ambazo nimeziona mbili pale pale kijiweni, ndizo zingefaa kuandikiwa notisheni kumi, ila haziandikiwi hata moja, kwa sababu afande akiwa kasimama haoni breki, anaona rangi na taa.

Tunayo Wiki ya Nenda kwa Usalama, wakaguzi wanakagua magari na kubandika stika. Kwa nini mkaguzi mmoja asitenge siku ya gulio akaja kijiweni na futi ya fundi, akapima keria, akavuta breki, akaandika kwa kalamu nene kwenye ubao wa kijiwe kipi ruksa na kipi marufuku? Kijana akishajua, afande wa kesho hawezi kumtungia sheria ya kwake. Na afande mwema hatapoteza saa nzima kubishana na mtu kuhusu nondo.

Upande wangu nilianza safari ya karatasi. Nilirudi kwa muuza injini, nikalipa ile tofauti niliyoikwepa, nikapata risiti ya EFD. Mkaguzi akasoma namba, akapiga breki, akaniuliza fundi ni nani, nami nikamtaja kwa fahari. TRA wakapokea taarifa zangu. Nikarudi darasani kwa ajili ya daraja A, nimekaa kati ya vijana wawili walioniita babu, na mmoja wao alinionyesha namna ya kuzunguka koni bila kushusha mguu. Bima nikaikata upya. Ilichukua wiki kadhaa na nauli nyingi kuliko nilivyopenda, na nilitukana kidogo njiani.

Kadi mpya ilipotoka nilifurahi kupita kiasi. Moto wa kuchomelea ulikuwa umebabua tangi, nikaona pikipiki yenye karatasi safi isitembee na uso wa jivu, nikampelekea mpaka rangi. Akanitilia kijani kibichi cha kupendeza, na mstari mweupe.

Jumamosi iliyopita nikapita njia ileile, makusudi, saitimira mbili, kofia ngumu kichwani. Afande alikuwepo. Akaniamkia, nikamkabidhi kadi kabla hajaomba. Akachuchumaa, akafuta, akasoma namba ya injini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasimama. Akatazama tangi, akatazama kadi, akatazama tangi tena.

"Mzee wangu," akasema, "nyekundu yako iko wapi?"