Gata imefungwa, maji yanaishia wapi?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa angalizo la mvua kubwa inapotarajia zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Wenye nyumba wengi wakisikia milimita huona jambo dogo. Wafanye hesabu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 10 kwa 12 hukusanya lita 6,000 kwa mvua ya milimita 50. Kukiwa na mabomba mawili ya kushushia maji, kila moja linamwaga lita 3,000, yaani ndoo 150 za lita 20, mahali pamoja.

Na mahali penyewe, mara nyingi, ni kwenye kona ya msingi.

Hapo ndipo gata inapomgeuka mwenyewe. Nyumba isiyo na gata hudondosha maji kidogo kidogo kuizunguka yote. Yenye gata iliyokatishwa ukutani inayakusanya yote, kisha inayamimina miguuni pake. Udongo unachimbika, tofali zinanyonya maji, rangi inavimba, plasta inatoa chumvi nyeupe na kumeguka. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa Embakasi jijini Nairobi, madhara ni makubwa zaidi, kwa sababu udongo huo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Kona moja ikilowa huku nyingine ni kavu, ukuta unapasuka kwa mshazari kuanzia pembe ya dirisha. Fundi anaitwa, anaziba ufa kwa saruji, analipwa. Masika yajayo anaitwa tena.

Mji wa Portland nchini Marekani ulilichukulia bomba la gata kwa uzito. Mabomba ya zamani ya mfumo wake wa maji taka yalibeba maji ya mvua na maji taka pamoja, na mvua ikizidi uchafu ulifurikia mto Willamette. Kati ya 1993 na 2011 mabomba zaidi ya 56,000 ya gata yalikatwa kutoka kwenye mfumo huo na kuelekezwa bustanini. Masharti yalizingatia nyumba yenyewe: penye chumba cha chini ya ardhi, maji yamwagwe angalau futi 6 kutoka ukutani.

Huku kwetu wapo wanaoliingiza bomba la gata kwenye shimo la choo, kisha wanashangaa shimo kujaa kila masika. Wengine wanalielekeza kwa jirani, na huo ni ugomvi wa kununua. Wenye busara huweka tanki, ila tanki la lita 1,000 chini ya bomba la lita 3,000 litafurika kabla mvua haijakatika. Nalo linahitaji bomba la kutolea maji ya ziada, liende mbali na ukuta.

Dawa ya maji haya ya ukutani ni kiwiko, kipande cha bomba na ardhi iliyosawazishwa iteremke kutoka nyumbani. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya bati la rangi lililopo juu. Kwa hiyo wekeni jambo hili kwenye makubaliano na fundi tangu mwanzo, na fungu la mwisho la malipo lisubiri mvua moja nzito. Maji yakituama ukutani, kazi haijaisha.