Unalipia Kioo, Si Simba

Wasee, kuna video imenipitia mara tatu kwa siku moja. Dada yuko ndani ya bafu, povu hadi shingoni, glasi ya divai mkononi. Nyuma yake kuna kioo, na nyuma ya kioo simba dume amelala chali kama paka wa jirani. Hatua mbili hivi kati yao. Muziki wa polepole, taa za njano, basi.

Chini yake Wakenya ndio wamejaa. "Mungu nikumbuke." "Siku moja pia mimi." "Hii ndio maisha, mengine ni kusukuma siku."

Mahali penyewe panaitwa Jamala Wildlife Lodge, Canberra, Australia. Iko ndani ya zoo na ilifunguliwa 2014. Kuna vyumba ambavyo ukuta mmoja ni kioo kitupu, upande wa pili kuna simba, au chui milia, au dubu, au duma. Kuna vingine vya juu ambapo twiga anakuletea kichwa hadi kwa roshani unamlisha. Usiku mmoja kwa chumba cha kioo unazidi laki moja kwa pesa zetu.

Sitajifanya mtakatifu. Hata mimi nililaiki. Halafu nikakumbuka Anti yangu, na nikashindwa kulala vizuri. Ndio maana ninaandika.

Anti ni mdogo wa mathe. Aliolewa pande za Kitengela, ule upande wa nje ambapo nyumba zinaisha na nyasi zinaanza. Kama hujui jiografia ya huko, hebu nikueleze haraka. Nairobi National Park ina kilomita mraba 117, ilianzishwa 1946, na ina ua pande tatu. Upande wa kusini hauna ua. Uliachwa wazi makusudi, kwa sababu nyumbu na pundamilia wanahitaji kutoka kwenda malisho ya Kitengela na Athi-Kapiti na kurudi. Pundamilia akitoka, unadhani nani anamfuata nyuma?

Kwa hivyo Anti amelala kando ya simba maisha yake yote ya ndoa, na hakuna siku ameandikiwa risiti.

Miaka mitatu iliyopita, usiku wa mvua, simba waliingia zizini kwake. Mbuzi tisa. Walikula wawili, wengine waliwaua tu na kuwaacha. Asubuhi alinipigia simu. Hakulia. Alinihesabia mmoja mmoja kwa majina, maana Anti huwapa mbuzi majina: yule wa karo ya binamu yangu, yule aliyekuwa karibu kuzaa, yule mweupe wa Krismasi. Nilimwambia, "Pole sana Anti." Akaniambia, "Asante mtoto wangu. Mvua ilikuwa kubwa, hata mbwa hatukumsikia."

Alijaza fomu za fidia. Zizi likapigwa picha, mizoga ikapigwa picha, akapeleka karatasi kwa ofisi inayohusika. Akaambiwa asubiri. Huu ni mwaka wa tatu anasubiri. Kila akienda anaambiwa faili iko, inashughulikiwa. Alipanda matatu mara nyingi kufuata hiyo faili hadi akaacha, kwa sababu nauli ilianza kukaribia bei ya mbuzi.

Sasa sehemu yenye inaniuma. Mwaka jana nilipata kazi. Mnajua niliacha kampasi mwaka wa pili. Kozi ilikuwa ya utalii, karo ikakataa, nikachukua simu nikaanza hii kazi ya video. Nilikuwa nimesota mbaya siku hiyo mwenye lodge moja aliponiandikia. Sitaitaja jina. Lodge iko karibu na bwawa la maji, vyumba vina kioo kuanzia sakafu hadi dari, na usiku wanawasha taa ya chini ili uwaone nyati na tembo wakinywa maji ukiwa umejifunika blanketi. Waliniambia nilale bure usiku mbili, nile bure, nilipwe kidogo, nitoe video nne.

Kwa maelezo ya kazi kulikuwa na mstari mmoja: nisitaje mambo ya wanyama kuvamia watu wa maeneo ya karibu. Nilisoma, nikasema sawa. Kodi ilikuwa inaningoja.

Hizo video zilipata watazamaji wengi kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Kwa moja nimesimama kando ya kioo, tembo nyuma yangu, nikisema, "Hakuna kitu kama kulala karibu na wanyama wa porini." Anti aliiona. Binamu yangu alimwonyesha kwa simu. Jioni akanipigia.

"Umependeza," akasema. "Lakini hiyo nyumba, usiku ukitaka kwenda choo unatoka nje?"

Nikamwambia, "Hapana Anti, choo kiko ndani."

"Aah. Sawa basi."

Hakusema kingine. Hakuwa ananichoma, alikuwa anauliza tu kitu ambacho yeye hujiuliza kila usiku. Usiku huo ndio nilielewa biashara yote inavyofanya kazi. Simba wa Anti na simba wa ile video ni mnyama yule yule, meno yale yale. Chenye kina bei ni kioo. Ukiwa na kioo, simba ni burudani. Ukikosa kioo, simba ni sababu ya kushikilia mkojo hadi asubuhi.

Na si choo tu. Aprili 2025 simba jike alimuua msichana wa miaka 14 kwenye ranchi inayopakana na hiyo mbuga yetu ya Nairobi. Alikuwa nyumbani. Hapo si mbali, wasee. Kutoka town ni safari ya matatu moja.

Najua kuna mtu tayari anaandika, "Kwa hivyo unataka tufunge malodge?" Hapana. Tulia nimalize.

Kwanza, si kila mahali pa kulala na wanyama ni upuzi. Chukua Giraffe Manor, hapo Lang'ata. Watu huicheka kwa sababu usiku mmoja pale unaweza kulipa bedsitter Rongai mwaka mzima, na twiga anaingiza kichwa dirishani kula kifungua kinywa chako. Lakini nyuma yake kuna historia. Mwaka 1974 Jock na Betty Leslie-Melville, waliokuwa wanaishi kwa hiyo nyumba, walianza kulea twiga wa Rothschild wakati twiga hao walikuwa wamebaki wachache sana nchini. Kutokana na hiyo kazi ndipo tukapata Giraffe Centre ya jirani, penye wengi wetu tulipelekwa na basi la shule tukalambwa mkono na twiga. Kwa hivyo anasa inaweza kuzaa kitu.

Hata hiyo zoo ya Canberra, simba wake huwezi kuwachukua ukawaachilia porini wakaishi. Kama watafugwa, afadhali mgeni mwenye pesa agharamie nyama yao. Siwezi kubisha hilo.

Pili, hasira peke yake haimsaidii mtu. Mei 2023, eneo la Amboseli, simba 10 waliuawa ndani ya wiki moja. Mmoja wao alikuwa Loonkiito, mwenye miaka 19, mmoja wa simba wazee zaidi waliojulikana nchini. Wengine sita waliuawa siku moja, baada ya simba kuua mbuzi 11 na mbwa mmoja. Mtandaoni watu walilia Loonkiito wiki nzima. Nililia pia. Lakini sikuona mtu akiuliza wale mbuzi 11 walikuwa karo ya nani. Mfugaji akiona simba ni hasara tu, mwaka baada ya mwaka, siku moja atachukua mkuki. Na akichukua mkuki, hiyo lodge yako ya kioo itaonyesha nini?

Hapo ndipo hoja yangu iko. Simba wa porini yuko hai leo kwa sababu kuna watu wamekubali kulala karibu naye bila kioo. Hao ndio wenye hoteli halisi, na ndio hawalipwi.

Na pesa inaweza kuwafikia, hilo si ndoto. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango hapo hapo Kitengela: mwenye shamba alikuwa analipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka asiweke ua, asiuze, asichimbe mawe, awaachie wanyama njia. Dola nne tu. Sasa piga hesabu na mimi. Tuseme mtu analipa dola 1,000 kulala usiku mmoja kando ya mnyama. Gawanya kwa nne. Hizo ni ekari 250, mwaka mzima, ziko wazi kwa pundamilia kupita. Usiku mmoja wa mtu mmoja, na mwingi wake amelala macho yamefungwa.

Kule Mara, conservancy kadhaa zimejengwa kwa wazo kama hilo. Wenye ardhi wanakodisha mashamba yao, kambi za kitalii zinalipa, na mwenye shamba anapata malipo hata kama ng'ombe hawajauzwa. Haijakamilika, ina maneno yake, lakini mzee anayelipwa kodi ya ardhi kwa sababu ya simba humwangalia simba kwa jicho lingine.

Sheria pia tunayo. Ile ya wanyamapori ya 2013 inasema familia ya mtu aliyeuawa na mnyama anayetajwa humo ilipwe milioni 5, aliyelemazwa kabisa milioni 3, na mifugo pia inafidiwa. Kwenye karatasi Anti yangu ana haki. Ni hiyo faili tu haitembei.

Na kama unadhani watu wa huko wamekaa tu wakingoja kusaidiwa, mtafute Richard Turere. Kijana wa Kitengela, alikuwa na miaka 11 hivi, kazi yake ni kulinda ng'ombe wa babake, simba wanamaliza mifugo. Akajaribu moto, ikawa unawasaidia simba kuona zizi. Akajaribu sanamu ya mtu, siku ya pili simba wakajua ni mchezo. Usiku mmoja akazunguka na tochi, akaona simba hawaji taa ikitembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, sola, balbu za tochi na kile kifaa cha pikipiki kinachofanya indiketa iwake na kuzima. Akafunga taa kuzunguka zizi, zikawa zinawaka kwa zamu kama mtu anatembea. Simba wakaacha kuja. 2013 akasimama kwenye jukwaa la TED kuwaeleza wazungu. Mtoto wa primo alitengeneza kioo chake na vyuma vya jalala.

Sasa nirudi kwetu sisi wenye simu. Sisi ndio tunauza hizi ndoto. Tukiweka video ya bafu na simba, tunamfundisha mtoto wa Umoja kwamba mnyama wa porini ni kitu cha matajiri, na shangazi yake aliye na mbuzi huko nje si sehemu ya hadithi. Mimi nilifanya hivyo, nikalipwa, nikanyamazishwa na mstari mmoja.

Kwa hivyo nimejiwekea sheria. Lodge ikiniita, nitauliza maswali mawili kabla ya kupakia nguo. La kwanza: majirani wenu wanapata nini kutoka kwa kila usiku mnaouza? Nataka hesabu, sitaki picha ya watoto wakiimba. La pili: naweza kuwahoji hao majirani na kuweka majibu yao kwa video? Wakikataa, nitabaki kejani nile githeri. Nimeshakosa kazi moja hivi mwezi uliopita. Iliuma, nisidanganye, kodi ni ile ile.

Na wewe ambaye hulali lodge wala huna mpango, kuna kitu unaweza. Ukiona video kama hiyo, usitukane yule dada, hana makosa, alilipia bafu lake. Uliza tu chini: "Upande wa pili wa ua wanalala vipi?" Tukiuliza watu elfu moja, mwenye lodge atalazimika kuwa na jibu.

Ile pesa ya zile video nne, iliyobaki baada ya kodi, nilimnunulia Anti sola, betri na balbu, na fundi wa pikipiki akatufungia. Taa zinazunguka zizi usiku kucha. Ukizitazama kwa mbali kwa giza ni kama kuna disko. Anti anasema tangu ziwekwe hajapoteza mbuzi, lakini choo bado kiko nje, na yeye bado anasubiri hadi asubuhi.

Faili yake bado inashughulikiwa.