Marejeo Ni Ngamani

Wiki tatu zilizopita dada yangu alinipigia simu baada ya sala ya Isha, na kwa sauti yake nikatambua mara moja kwamba jambo limemkaa moyoni. Mwanawe wa pekee, anayefanya kazi kusini mwa Florida huko Marekani, alikuwa amemwarifu kwamba Jumamosi ile yeye na wenzake watapiga mbizi hadi ndani ya meli ya kivita iliyolala chini ya bahari. "Kaka," akaniambia, "mimi nikimkataza hunibembeleza, kisha huenda. Wewe ndiye mjomba wake. Zungumza naye."

Nikakubali. Lakini kabla ya kumpigia kijana, niliona ni wajibu wangu kwanza nilielewe hilo ninalotumwa kulizuia. Sisi wazee tuna desturi ya kukataza tusilolijua, na vijana nao ni wepesi wa kutambua kwamba hatulijui.

Meli hiyo inaitwa Spiegel Grove. Iliingia katika jeshi la majini la Marekani mwaka 1956, na kazi yake ilikuwa kubeba mashua za kushushia askari ufukweni, mashua ambazo zilitoka tumboni mwake kupitia upande wa tezi. Urefu wake ni kiasi cha mita 155, sawa na uwanja mmoja wa mpira na nusu ya mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilipata hata kuzuru bandari za bara letu la Afrika kwa ziara za kirafiki. Mwaka 1989 ikastaafishwa.

Chombo cha namna hiyo kikichakaa, aghalabu hukatwakatwa kuwa chuma chakavu. Hiki kilichaguliwa kuwa mwamba wa kutengenezwa na binadamu, karibu na mji wa Key Largo. Maana yake ni nyepesi kufahamika kwa mtu wa pwani: chini penye mchanga mtupu samaki hana pa kujificha, pawekwe kitu kigumu, mwani na sifongo hukishika, matumbawe hufuata, wadogo hupata maficho na wakubwa huwafuata wadogo. Lakini meli haitoswi vivi hivi. Husafishwa kwanza mafuta, nyaya na kila chenye sumu, kisha hutobolewa matundu makubwa ubavuni ili maji yapite na wapiga mbizi wapate pa kutokea.

Pamoja na maandalizi yote hayo, Spiegel Grove haikungoja amri. Tarehe 17 Mei 2002 ilianza kuzama kabla ya saa iliyopangwa, ikapinduka, na omo yake ikabaki imechomoza juu ya maji. Zilipita zaidi ya wiki tatu kabla ya mafundi kuifikisha chini, nayo ikalala kwa ubavu wake wa kulia. Julai 2005 kikapita kimbunga Dennis, na wapiga mbizi waliporudi wakaikuta imesimama wima. Leo imekaa hivyo katika kina cha mita 40 hivi, makundi ya mizia yakizunguka juu yake na chewa wakubwa wakikaa katika vivuli vyake.

Hapa ndipo niliposita. Kule Unguja, mwaka 1914, meli ya Kiingereza Pegasus ilizamishwa kwa mizinga ya Wajerumani, ikazama na msiba wake. Makaburi ya mabaharia wake yapo hadi leo katika kisiwa kidogo mbele ya mji. Spiegel Grove ilizamishwa kwa amani, bila ya roho hata moja kupotea. Hata hivyo, Machi 2007 wanaume watatu wazoefu wa kupiga mbizi waliingia ndani yake, wakapotea njia, wakafia humo.

Nikatafuta kujua ni kwa nini. Nje ya meli, mpiga mbizi akipatwa na shida, juu yake ni maji na juu ya maji ni hewa. Ndani ya meli, juu yake ni chuma. Vyumba vimefunikwa tope laini. Pigo moja la mapezi ya miguuni hulitibua, na taa iliyokuwa ikionyesha mlango ikawa haionyeshi hata kiganja cha mkono. Katika kina cha mita 30 mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu, kwa hiyo kila pumzi hula hewa ya mtungi mara nne zaidi. Naitrojeni nayo huanza kulevya akili, na mtu akajiona hodari wakati ule ule anapokosea. Wala hawezi kukimbilia juu kwa pupa, kwani gesi iliyoingia mwilini hutoa mapovu katika damu na kumlemaza. Ndiyo maana waliofunzwa kuingia humo hufunga kamba mlangoni na kuifuata wakati wa kurudi, nao huigawa hewa yao mafungu matatu: moja la kwendea, moja la kurudia, na moja la dharura.

Nikampigia. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mjomba." Sikumkataza. Nilimuuliza mambo matatu tu. Kamba mtaifunga wapi? Hewa mtaigawa vipi? Na nani kati yenu amesomea kuingia ndani ya meli? Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema cheti alicho nacho ni cha kupiga mbizi nje tu, na kwamba rafiki yao mmoja "anaijua njia".

"Na hao watatu," nikamwambia, "hawakuwa wageni wa bahari."

Jumamosi ile dada yangu hakulala. Jioni ya huko, ambayo kwetu ilikuwa usiku wa manane, kijana akapiga simu. Alishuka kwa kamba ya boya mkondo ukimvuta, akaizunguka sitaha, akamwona chewa mkubwa, kwa maneno yake, kama gunia la mkaa. Wenzake wawili waliingia mlangoni. Yeye alibaki nje. Nao walitoka salama, alhamdulillahi, kisha wakamcheka njia nzima ya kurudi. Aliniambia kicheko kile kilimuuma kuliko nilivyodhani, na ameanza kuulizia mafunzo yenyewe.

Nayaandika haya kwa wazazi wenye watoto walio mbali, kwa kuwa katazo la simu halivuki bahari, bali swali jema huvuka. Tusimwulize kijana kwa nini anakwenda. Sababu za kwenda hazimwishi. Tumwulize atarudi kwa njia gani, na tungoje jibu.

Wahenga wa pwani walisema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Dada yangu ameniomba nimwandikie maneno hayo mwanawe. Nimemwandikia, nami nikamwongezea kwamba ngama yake ni mama yake, aliyekesha siku ile na simu mkononi.