Noeli ya Mtoto Mwenye Nyumba Mbili

Kila Desemba shule zinapofungwa, barabara ya kutoka Arusha kwenda Moshi hujaa magari yanayowapeleka watu nyumbani kula Noeli. Hapa Moshono, kama katika kata nyingine za jiji letu, wako watoto ambao kwao safari hiyo hutanguliwa na swali zito: mwaka huu sikukuu italiwa kwa nani? Mama anaishi Moshono pamoja na mtoto. Baba amehamia upande mwingine wa mji, au amerudi Kilimanjaro, naye anaishi na mke mwingine. Pengine mama naye ana mwenzi. Bibi wa upande wa baba anamngojea mjukuu, na bibi wa upande wa mama anamngojea vilevile.

Siku hizi tunalisikia wazo jipya katika baadhi ya familia hizo. Kwa nini mtoto agawanywe? Kwa nini baba na mama walioachana, pamoja na wenzi wao wapya, wasiketi meza moja siku ya sikukuu, au wasifuatane na mtoto kutembea Ziwa Duluti, ili asilazimike kuchagua? Wengine wameyaona mambo haya katika simu zao, kwa watu mashuhuri wa mbali. Waigizaji wa Marekani Bruce Willis na Demi Moore walipeana talaka mwaka 2000, lakini wameendelea kukutana kama familia kwa ajili ya binti zao watatu, na mke wa pili wa Willis yumo katika mikutano hiyo.

Waamini hulipokea wazo hili kwa namna mbili. Wapo wanaolisifu kuwa ni ustaarabu, na wapo wanaolishutumu kuwa ni kikwazo kwa imani. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zinawatazama watu wazima. Swali la kwanza linalopaswa kuulizwa ni hili: sikukuu hiyo inaandaliwa kwa ajili ya nani?

Sheria na mila

Sheria ya nchi imekwisha kulitolea swali hilo mwongozo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 125, inaiagiza mahakama inapoamua mtoto akae na nani itangulize ustawi wa mtoto mwenyewe. Matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni yake, na desturi za jamii husika huzingatiwa baada ya hapo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakwenda mbali zaidi. Kifungu chake cha 26 kinampa mtoto ambaye wazazi wake wametengana haki ya kupata matunzo na elimu ya kiwang'o kile alichokuwa nacho kabla ya utengano, na haki ya kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye anapotaka, alimradi masomo yake hayaathiriki.

Tuzingatie kwamba haki hiyo ya kutembelea imeandikwa kwa jina la mtoto. Kwa hiyo baba anayesema "namtaka mwanangu Desemba yote", na mama anayesema "hamwoni mpaka alipe", wote wawili wanashindania kitu ambacho si mali yao.

Mila zetu nazo zina neno. Kwa Waarusha, Wameru na Wachaga, mtoto huhesabiwa katika ukoo wa baba, na kwa miaka mingi mwanamke aliyerudi kwao aliwaacha watoto nyuma. Mpango huo uliwapa watoto ukoo na jina, lakini mara nyingi uliwanyima mama. Hata hivyo mila hizohizo zinatukumbusha kwamba watoto wa mama mbalimbali kula pamoja katika boma moja si jambo geni. Jambo geni ni mtoto kuwa na ndugu wa damu wanaoishi ng'ambo ya mji, asiowajua hata kwa sura.

Fundisho la Kanisa

Kanisa halifundishi kwamba talaka ni jambo dogo. Ndoa halali ya kisakramenti iliyokamilika haivunjwi na mamlaka yoyote ya kibinadamu, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2385, inawataja watoto waziwazi miongoni mwa wanaojeruhiwa na talaka. Lakini Kanisa hilohilo, kwa njia ya Mtakatifu Yohane Paulo II katika waraka wake Familiaris Consortio wa mwaka 1981, liliwaalika waliooa au kuolewa tena baada ya talaka wasijione wametengwa nalo, bali waendelee kusali, kuhudhuria Misa na kuwalea watoto wao katika imani. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, aliwasihi wazazi waliotengana wasimfanye mtoto mateka wa ugomvi wao, na akazitaka jumuiya za Kikristo zisiwatelekeze wazazi hao katika kazi ya malezi.

Kutokana na mafundisho hayo tunaona tofauti muhimu. Kubariki amani ya mtoto hakumaanishi kubariki muungano mpya. Mtu anaweza kushika kwa uaminifu fundisho la ndoa isiyovunjika, na bado akamkaribisha baba wa mtoto mezani kwa heshima. Anayetaka kujua hali ya ndoa yake mbele ya Kanisa aende kwa paroko, naye atamwelekeza kwenye mahakama ya Kanisa. Suala hilo lisiamuliwe kwa minong'ono ya majirani.

Maandiko Matakatifu yanatupa onyo linalofaa kutafakariwa. Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 21, Abrahamu alifanya karamu kubwa siku Isaka alipoachishwa kunyonya. Baada ya karamu hiyo ya familia, Sara alidai Hajiri na mwanawe Ismaeli wafukuzwe. Mungu hakumwacha mtoto huyo jangwani. Alikisikia kilio chake. Lakini ndugu hao wawili hatuwaoni tena pamoja mpaka sura ya 25, wanapomzika baba yao katika pango la Makpela. Ni mara ngapi sisi wenyewe tumeyashuhudia hayo? Jeneza linafunguliwa kwa heshima za mwisho, na vijana wawili wanaofanana sura wanatazamana, ndipo kila mmoja anatambua kwamba mwenzake ni ndugu yake. Mlo mmoja wa Noeli walipokuwa na miaka kumi ungeweza kuwaepusha na siku hiyo.

Sikukuu isigeuke maonyesho

Hata hivyo hatusemi kwamba kila familia iliyotengana ikusanyike. Palipokuwa na kipigo, vitisho au unyanyasaji, usalama wa mtoto na wa mzazi aliyeumizwa hutangulia. Hapo panahitajika afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, hapahitaji karamu. Vilevile mzazi aliyeachwa, ambaye jeraha lake bado ni bichi, asilazimishwe kuketi na aliyechukua nafasi yake ili tu aonekane amesamehe. Msamaha una safari yake.

Kwa wale wanaoweza, tunashauri mambo machache. Wazazi wakubaliane mapema, kabla mtoto hajaambiwa lolote, kwa kuwa ahadi iliyovunjwa tarehe 24 humuumiza kuliko kukosa mwaliko. Siku iwe fupi: Misa na chakula cha mchana vinatosha. Mtoto aelezwe kweli kwa maneno anayoyaelewa: kwamba baba na mama hawatarudiana kwa sababu ya mlo huu, kwamba kuachana kwao halikuwa kosa lake, na kwamba wote wawili wanabaki wazazi wake. Zawadi zisigeuzwe mashindano. Wenzi wapya wapewe salamu na jina la heshima, wala wasisukumwe kuchukua nafasi ya mzazi. Hadithi zetu zimemfanya mama wa kambo kuwa mkatili daima, na mtoto amezisikia zote. Kikombe cha chai kilichotolewa kwa upole kitamfundisha vingine.

Liko jambo moja zaidi, nalo ndilo kipimo cha kweli. Baada ya Desemba huja Januari, na Januari huja na ada, sare, madaftari na viatu. Baba anayefika tarehe 25 na nguo mpya, kisha akazima simu shule zinapofunguliwa, amejifanyia sikukuu yeye mwenyewe. Mama anayepokea matunzo kila mwezi, kisha akamficha mtoto siku ya sikukuu, naye amemnyima haki yake.

Kwa jumuiya zetu ndogondogo tunaomba jambo jepesi kulitaja na gumu kulitenda. Sikukuu ya Familia Takatifu huadhimishwa siku chache tu baada ya Noeli. Siku hiyo mtoto wa nyumba mbili hukaa kanisani akisikiliza habari za Yesu, Maria na Yosefu, huku akihesabu moyoni nani hayupo katika benchi lake. Tukimwona ameketi kati ya baba na mama wasioishi tena pamoja, tusigeuke kutazama wala kuulizana kwa kunong'ona. Tuwapishe nafasi, tuwape mkono wa amani, na tumwache mtoto asali na wazazi wake wote wawili.