Ukurasa wa Fundi: Waya Zipimwe Kabla ya Betri Kununuliwa

Gari linalowaka kwa taabu ni mzigo kwa mwenyewe na kwa jirani zake. Alfajiri, saa ya kwenda zamu, ufunguo huzungushwa na stata ikaguna kama mzee apandaye mlima. Mara injini huwaka, mara haiwaki. Usiku mtoto akishikwa na homa kali, na gari hilo ndilo tegemeo la nyumba tatu au nne, mguno huo huwatia watu hofu.

Wengi hukata shauri papo hapo kwamba betri imekufa. Chukuliwe mfano wa sajini anayekaa na jamaa yake katika nyumba za polisi. Pikapu yake ilipoanza uvivu, alichukua fedha zilizowekwa kwa karo ya shule, akaibadilisha betri ya zamani kwa mpya na kuongeza fedha juu. Mkewe alimwuliza neno moja tu: “Baba watoto, ile ya zamani ilipimwa na nani?” Sajini hakuwa na jibu. Baada ya majuma mawili gari likarudia mguno wake. Ugonjwa haukuwa katika betri. Ulikuwa katika waya wa hasi, pale unapofungwa kwenye injini, mahali palipoliwa na kutu. Siku ile ya kubadilisha betri waya zilitikiswa na kukazwa, kutu ikakwaruzika kidogo, ndiyo maana gari lilionekana kupona.

Yafaa kufahamu kwa nini kosa hili hujificha. Taa kubwa mbili za gari hutumia umeme wa ampea kama 10 tu. Stata huhitaji ampea 150 hadi 200 kwa injini ndogo ya petroli, na injini ya dizeli huhitaji zaidi. Kiungo chenye kutu kinachozuia umeme kwa omu 0.01 hupoteza sehemu moja ya kumi ya volti taa zinapowaka, wala hakuna atakayeona tofauti. Lakini ampea 200 zikipita hapo hapo, volti 2 nzima hupotea njiani. Hivyo taa zang’aa, honi yalia, na stata haina nguvu.

Dalili ya kwanza huonekana bila chombo chochote. Taa kubwa ziwashwe, kisha stata izungushwe. Taa zikififia sana, betri ni dhaifu, au vichwa vyake vina uchafu, au stata yenyewe inakula umeme kupita kiasi. Taa zikibaki na mwanga mzuri ilhali stata inajikokota, waya na viungo vya stata vishukiwe kwanza.

Baada ya hapo huhitajika mita ya volti, chombo ambacho bei yake ni ndogo sana kuliko ya betri. Gari liwekwe gia huru na breki ya mkono ivutwe. Betri ipimwe baada ya kupumzika saa kadhaa. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo, ikionyesha 12.2 imebaki kama nusu, ikiwa 12.0 inakaribia kwisha. Betri isiyojaa ichajiwe kwanza, kwa maana vipimo vingine vyote juu ya betri tupu ni vya uongo. Malori yatumiayo volti 24 huwa na betri mbili, na kila moja hupimwa peke yake.

Kisha mafuta yazuiwe ili injini isiwake, kwa mfano kwa kutoa fyuzi ya pampu ya mafuta, na stata izungushwe kwa sekunde chache huku mita ikiwa juu ya betri. Volti zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka, na betri ilikuwa imejaa, fundi aipime betri kwa mzigo, aikague na stata.

Hatua inayofuata ndiyo wengi huiruka. Ncha moja ya mita iguse nguzo ya chanya ya betri yenyewe, si kibano cha waya, na ncha ya pili iguse skrubu ya stata inapofungwa waya mnene. Stata ikizunguka, mita isionyeshe zaidi ya nusu volti. Halafu ncha moja iguse nguzo ya hasi, na ya pili iguse chuma safi cha mwili wa stata. Hapa volti 0.3 ni nyingi za kutosha. Ikizidi, pima kiungo kimoja kimoja hadi mwizi apatikane: kibano cha betri, swichi kubwa ya stata, au waya uliooza ndani ya mpira wake. Waya uliovimba au wenye unga wa kijani usiaminiwe.

Tiba yake mara nyingi ni spana, msasa na maji ya moto yenye magadi, ambayo huua asidi iliyoganda juu ya vibano. Magadi yasiingie ndani ya betri. Waya wa hasi ufunguliwe kwanza na ufungwe mwisho, ili spana isipige cheche. Sigara na moto vikae mbali, kwani betri hutoa hewa inayolipuka. Watoto wasisogee, na asidi ikimrukia mtu, aoshwe mara moja kwa maji mengi. Viungo vikishasafishwa vikazwe na kupakwa grisi kidogo.

Hali ya nchi nayo ihesabiwe. Katika baridi ya asubuhi ya Kabale, oili huwa nzito na betri hupungukiwa nguvu kwa wakati mmoja. Waya uliovumiliwa Kampala hushindwa huko. Joto kali nalo hufupisha maisha ya betri na kukausha maji yake. Betri zenye vifuniko zikaguliwe, ziongezwe maji safi ya betri, kamwe si ya bomba.

Sajini wa mfano huu alisafisha kiungo kile kwa muda wa nusu saa, na pikapu ikawaka kwa mguso mmoja. Betri yake ya zamani, ambayo huenda ilikuwa na mwaka mzima mbele yake, ilikwisha kwenda dukani, na karo ya muhula ikabidi ikopwe.