Tufani Haina Rangi, Uzembe Una Mwenyewe

Tufani Katrina ilipoupiga mji wa New Orleans tarehe 29 Agosti 2005, kingo za maji zilibomoka na takriban asilimia 80 ya mji ikafurika. Januari 2006 Meya Ray Nagin alitamka hadharani kwamba Mungu ameikasirikia Marekani. Twapinga! Kingo zile zilijengwa na wahandisi wa jeshi, si na Mwenyezi Mungu.

Walioachwa mapaani wengi wao walikuwa Weusi maskini wasio na magari. Ubaguzi wa vizazi ndio uliowafukarisha, na serikali ya Rais George W. Bush ikachelewa kuwaokoa. Hilo hatulifichi. Lakini Nagin, Mweusi mwenzao, aliamuru watu wahame siku moja tu kabla ya tufani, na mabasi ya shule kwa mamia yakazama yalipoegeshwa. Mwaka 2014 mahakama ilimtia hatiani kwa hongo.

Basi tusidanganywe. Rangi ya kiongozi si kinga, wala kabila lake. Mungu asisingiziwe. Aliyekabidhiwa kundi na aulizwe: kondoo wako wapi?